Nyasi ya Brigid: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Shitanda

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Mzee Lawrence Shitanda atavua gambuti za kampuni na kuzirudisha stoo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minane akitengeneza bustani za watu wa Eldoret: kuchimba, kusawazisha, kupanda nyasi, kupogoa ua. Kwa muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu, na mara moja ilikuwa asubuhi aliyozaliwa mtoto wake wa pili. Alifika saa tatu, akaomba msamaha, akachukua jembe.

Mimi ni Hulda Akello, karani wa ofisi hapa Nyasi Hai, yule anayepokea simu na kujaza fomu za kazi. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa huu kwa sababu, walisema, Hulda ana mdomo. Ni kweli ninao. Lakini wangejua nitakachoandika wangempa mtu mwingine, na ndiyo maana karatasi hii nimeipeleka mwenyewe kwa watu wa kuchapisha kabla mkurugenzi wetu, Bw. Okumu, hajaisoma. Bosi, pole. Tutaongea Jumatatu.

Mzee Shitanda ni mzaliwa wa Shinyalu, Kakamega. Alikuja Eldoret akitafuta kazi ya kiwanda kama wengi wetu tuliotoka upande ule, mimi kutoka Siaya, yeye kutoka kwao. Kiwandani hakukuwa na nafasi. Akashika slasha, akawa anakata nyasi nyumba hadi nyumba, hadi tarehe 14 Machi 1994 alipoajiriwa na marehemu baba yake Bw. Okumu. Kampuni wakati huo ilikuwa majembe mawili, mkokoteni mmoja na matumaini mengi. Siku hizi tuna pikapu tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanda nyasi kwenye ploti moja kubwa Elgon View, na shida ya kwanza ilikuwa kwamba hatukuwa na mbegu. Nyasi ya paspalamu, ile ya majani mapana, hupandwa kwa vipandikizi. Unang'oa vipande vyenye mizizi mahali ambapo imeshika vizuri, unavipanga mistari kwa mistari mahali papya, unamwagilia, unangoja. Sasa ung'oe wapi, kwa nani? Mke wake Mzee, Brigid Kageha, ndiye aliyelijibu swali hilo. Alipanda basi hadi kwao Maragoli, akaomba ruhusa kwa mchungaji, akang'oa nyasi ya uwanja wa kanisa alikofungia ndoa. Alirudi Eldoret na magunia mawili, yamefunikwa leso iliyoloweshwa maji, na kondakta akimlalamikia njia nzima kwamba anawalowesha abiria.

Nyasi hiyo ilishika kama ilikuwa inangoja kualikwa. Na hapo Mzee akaanza desturi yake, ambayo kila fundi aliyepita mikononi mwake anaijua: haingii kwenye bustani mpya mikono mitupu. Kila bustani aliyopanda aliipa mbegu kutoka bustani iliyotangulia. Elgon View ikazaa Kimumu, Kimumu ikazaa Pioneer, na kuendelea mtaa kwa mtaa. Sisi ofisini tukaiita nyasi ya Brigid, hadi kwenye fomu, pale palipoandikwa “aina ya nyasi”, tunaandika Brigid. Kuna kijana wetu mmoja wa mauzo aliwahi kumwambia mteja kwamba Brigid ni aina ya nyasi kutoka Afrika Kusini, inastahimili kiangazi. Mama Brigid mwenyewe alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini.

Kuna vichekesho vingine. Mwaka wa 1998, Pioneer, Mzee alipanda mistari yake asubuhi akaenda nyumbani. Nyanya wa ile nyumba alikuwa amewasili kutoka Kapsabet siku hiyo hiyo. Akaona udongo mzuri uliolainishwa na mistari iliyonyooka, akasema hawa watoto wamepanda nini kinachoonekana kimekauka hivi, na kufikia kesho yake alikuwa ameshapanda sukuma wiki katikati ya mistari yote. Mwenye nyumba aliona aibu, akataka ing'olewe. Mzee akakataa. Alisema mtu mzima hanyang'anywi shamba. Nyasi na sukuma vikakua pamoja miezi mitatu, na mafundi wetu walirudi nyumbani na mboga kila Jumamosi.

Na lipo kosa lake moja, ambalo yeye mwenyewe hupenda kulisimulia. Mwaka wa 2003 aliitwa Elgon View kwa Mama Chepkorir, kusafisha ua wa kayaba, ile miti ya miiba. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kijana wa Mama, mwanariadha, alikuwa anarudi nyumbani na medali kutoka mbio za ng'ambo. Mzee akakuta mmea unaotambaa umesonga ua wote, akaukata, akaung'oa, akauchoma. Kumbe ni sinendet! Ule ambao Wakalenjin humvisha shingoni mtu aliyerudi na ushindi. Mama Chepkorir alikuwa ameutunza pale miaka sita akingoja siku hiyo hiyo. Mluhya wa Shinyalu angejuaje? Kwao kamba ya porini ni kamba ya porini. Mama alilia, akamwita majina ambayo kwenye kijitabu cha sherehe siwezi kuyaandika. Mzee alichukua baiskeli, akapanda mlima hadi msitu wa Kaptagat, akauliza wenyeji, akarudi Ijumaa na gunia limejaa. Kijana akavishwa, mursik, yale maziwa yao ya mgando, ikanywewa, na Mama Chepkorir akatangaza mbele ya wageni kwamba bustani yake haitaguswa na fundi mwingine. Wiki iliyofuata nyasi ya Brigid ilipandwa pale.

Basi, hapo ndipo vichekesho vinaisha. Nimeambiwa niandike mafanikio, na mafanikio nimeyatafuta.

Mwezi wa Septemba Bw. Okumu alinipa simu ya kampuni yenye kamera nzuri. Alisema nizunguke nikapige picha bustani za Mzee, tuzipange ukurasa wa katikati wa kijitabu hiki. Nilitoa mafaili yote kabatini, nikahesabu bustani mia moja na kumi na mbili zilizoandikwa Brigid. Nikakodi boda boda siku tatu. Wueh! Pioneer, palipokuwa na nyasi na sukuma, pana ghorofa nne na nguo zinaning'inia. Kimumu, ile ya kona iliyokuwa na haibiskasi nyekundu, ni pa kuoshea magari. Langas, kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uani. Elgon View, kabro, jirani, kabro, nyumba ya tatu, nyasi bandia ya plastiki, ile tunayoiita kapeti, inang'aa utafikiri imepakwa mafuta. Yule wa boda alifikiri mimi ni mtu wa kupima ploti. Nilipiga picha moja tu. Ukurasa wa katikati, kama mnavyoona, umewekwa ratiba ya chakula.

Na nani aliyeziondoa? Sisi. Tusidanganyane siku ya sherehe. Tangu watu waone kabro ni usafi na nyasi ni matope, kazi yetu kubwa si kupanda tena, ni kung'oa. Mteja anapiga simu: fuko wanachimba, maji yamepungua, gari linazama kwenye matope, watoto walioko Marekani wameona uwanja kwenye video wakasema mum, weka kitu cha kisasa. Mimi napokea, najaza fomu. Katika hizo bustani mia moja na kumi na mbili, zile thelathini na tisa tulizozing'oa wenyewe fomu zake zina mwandiko wangu. Hata uwanja wa lile kanisa la Maragoli uliwekwa kabro mwaka wa 2017, kwa ajili ya magari ya harusi. Mzee alikwenda kwenye harusi ya mpwa wake huko, akaikuta.

Yeye hakugoma hata siku moja. Kabro aliijifunza akiwa na miaka hamsini na mitatu, na anaipanga vizuri kuliko vijana. Lakini alitwambia wazi, tukinywa chai, kwamba anajisikia kama mtu anayekula mbegu. Sisi tulicheka. Tulidhani ni mzaha wa wazee.

Mama Brigid alifariki Aprili 2021. Alizikwa nyumbani Shinyalu, kando ya nyumba kama ilivyo kawaida yetu watu wa Magharibi, na kule kwao ni mteremko. Mvua za Shinyalu hazina mchezo. Kila mwaka zinabeba udongo wa lile kaburi zikaupeleka kwenye mahindi ya jirani, na kila Agosti Mzee anachukua likizo, anakopa wilibaro, anarudisha udongo. Mtu aliyepanda nyasi mia moja na kumi na mbili, kaburi la mke wake li udongo mtupu! Nilimuuliza kwa nini hapandi. Alinieleza kwamba nyasi mpya inataka mtu wa kukaa nayo miezi mitatu, kuimwagilia na kufukuza ng'ombe, na yeye hana mtu nyumbani, watoto wakiwa mbali. Angoje astaafu. Siku atakayokwenda nyumbani moja kwa moja ataibeba ile nyasi ya Brigid, ampandie mwenyewe. Hilo tu ndilo alilolitaka kutokana na kazi hii. Hakutaka saa ya ukutani wala blanketi.

Picha ile moja niliyopiga Septemba ilikuwa ya kwa Mama Chepkorir. Ndiyo bustani pekee iliyobaki.

Tarehe 15 Oktoba Mama Chepkorir alipiga simu. Magoti yamemchoka, mtunza bustani ameacha kazi, watoto wamemlipia awekewe kapeti. Aliongea kwa haya, mama wa watu, akasema Shitanda asikasirike. Siku hiyo hiyo nilimwambia Mzee. Alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. Kisha akaniambia polepole: “Hulda, hiyo ya Mama Chepkorir msipulize dawa kabla sijachukua mbegu. Nitaenda Jumamosi ya tarehe ishirini na tano.” Nikamwambia sawa Mzee, hakuna shida. Nilikuwa natafuta chaja ya simu.

Lazima niwaeleze wageni wetu kuhusu dawa. Kapeti haiwekwi juu ya nyasi hai, maana nyasi itaitoboa. Kwa hiyo fomu yetu, ambayo niliichapa mimi mwenyewe miaka saba iliyopita na nikasifiwa, mstari wake wa kwanza husema: kupuliza dawa ya kuua nyasi, siku kumi na nne kabla ya kazi. Kazi ya Mama Chepkorir ilikuwa ianze Jumanne tarehe 4 Novemba. Rudisha siku kumi na nne nyuma. Niliijaza Ijumaa mchana, wikendi ndefu ya sikukuu ya Mashujaa iko mlangoni, nimeshika begi. Mkono ulijaza wenyewe kama unavyojaza kila siku. Ombi la Mzee sikulikumbuka. Haki ya Mungu sina sababu nyingine ya kuwapa, natamani ningekuwa nayo. Jumanne tarehe 21, Oyugi wa dawa alichukua fomu yangu, akabeba pampu mgongoni, akaenda Elgon View kufanya kazi yake kama ilivyoandikwa.

Jumamosi Mzee alikwenda na magunia matatu. Alikuta kile kikaratasi cha onyo tunachobandika kwenye lango baada ya kupuliza. Mama Chepkorir aliniambia baadaye kwamba Mzee alikisoma, akakisoma tena, akaingia. Na nyasi, jameni, ilikuwa bado kijani. Siku nne hazitoshi kuibadilisha rangi, ncha tu ndizo zilizokuwa zimeanza kufifia. Yeye ndiye anayewafundisha vijana wetu kwamba dawa ile haiui jani, inashuka hadi kwenye mzizi, na ukiona kijani usidanganyike. Anajua kuliko mtu yeyote hapa. Alipiga magoti akang'oa, akajaza magunia matatu, akayafunika kwa leso iliyoloweshwa.

Mnakumbuka kile kipande cha udongo nyuma ya stoo alichokilima mwezi uliopita, tukamtania kwamba anajitayarishia shamba la kustaafu? Ndicho hicho. Alipanda mistari sita. Alimwagilia asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, wiki mbili na siku mbili. Mimi nilikuwa namwona kupitia dirisha la ofisi na sikujua anafanya nini, hadi Oyugi aliponiambia. Nilishuka. Mstari wa kwanza ulikuwa wa manjano, wa pili rangi ya majani makavu ya chai, mingine sikuiangalia.

Katikati ya siku hizo ndipo alipokwenda kuweka kapeti kwa Mama Chepkorir. Bw. Okumu alimpa nafasi ya kukataa, hilo niliseme kwa haki. Alikataa kukataa. Alisema vijana wataiburuta ile nyasi. Alikata nyasi iliyokufa kwa vipande vya mraba, akaipanga kwenye pikapu kwa utaratibu, akasawazisha kokoto, akatandika plastiki, akaipiga brashi ili isimame. Mama Chepkorir alimletea chai wakakaa kwenye baraza wawili, wanaangalia. Kwa kila ninachosikia, kazi ni safi sana. Mteja ametupa nyota tano.

Nilimwomba msamaha nyuma ya stoo, nikilia, sina haya kusema. Nilimwambia ni mimi, ni fomu yangu. Alisema alijua tangu langoni, maana kwenye kile kikaratasi cha onyo kuna mwandiko wangu. Akaniambia nisijali, na fomu ilikuwa imejazwa sawa, tarehe zote ziko sawa. Bora angenitukana. Yeye alipong'oa sinendet alikuwa na msitu wa Kaptagat wa kukimbilia. Mimi nimezunguka Elgon View nzima, Kimumu, kando za mitaro, nimeingia hata kwenye ua wa watu nisiowajua, nikachunguza chini ya seng'enge kama mwizi. Paspalamu ipo. Nilimletea mfuko. Aliishika, akaigeuza, akasema ni nyasi nzuri, lakini hawezi kujua ni ya nani. Pale kwa wauza miche inauzwa pia, gunia kwa gunia. Inashika udongo vizuri tu. Sikuthubutu kumwambia hivyo.

Bw. Okumu, ambaye ana moyo mzuri ingawa Jumatatu huenda asiwe nao, aliposikia alisema kampuni itatoa kapeti bora kabisa, bure, ya kutosha kaburi lote, na pikapu ya kuipeleka hadi Shinyalu. Mzee alisimama, akavua kofia, akashukuru. Akasema ataacha udongo. Brigid alipenda kujua anakanyaga nini, na sasa hata asipokanyaga, afadhali ajue kilicho juu yake.

Kwa hiyo mafanikio ya Mzee Lawrence Shitanda ni haya: ameshaandaa mafundi kumi na tisa, hajawahi kugombana na mteja, amepanda bustani mia moja na kumi na mbili, na ukitoka nje leo ukazitafuta, hutapata hata moja. Mimi ndimi niliyehesabu, na ya mwisho niliimaliza mimi. Tungeweza kuandika kwamba kazi yake itaishi milele. Ndivyo inavyoandikwa. Lakini mtu ametufanyia kazi miaka thelathini na moja bila kutudanganya, na sisi tusimdanganye siku ya kumuaga.

Mzee, asante. Asante kwa sukuma za Jumamosi. Asante kwa kutufundisha kunyoosha mstari kwa kamba na kutotia maji jua likiwa kali. Asante kwa kukaa kimya mahali ambapo ulikuwa na haki ya kupiga kelele. Wafanyakazi wote wa Nyasi Hai wanakutakia afya, usingizi mzuri na wajukuu wa kukutembelea. Mimi Hulda sina jipya la kukutakia, ila nimeanza kuomba kitu kimoja kila ninapoona mawingu yakielekea upande wa Kakamega: inyeshe polepole huko kwako, Mzee, inyeshe polepole.